Woga Ukiondoka, Nini Kitalinda?

Wazazi Wakristo huuliza mara nyingi kama yafaa binti zao wasome hadithi za ajabu, zenye wanyama wasemao na watu warukao angani. Twajibu kwamba hadithi, kama mti, hupimwa kwa matunda yake. Natupime moja.

Mwaka 2005 Nnedi Okorafor, mwandishi aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Kinigeria, alitoa kwa Kiingereza kitabu kiitwacho Zahrah the Windseeker. Zahrah ni msichana wa miaka 13, aliyezaliwa na nywele zilizosokotana na mimea itambaayo. Kwa ajili hiyo wenzake humcheka, na watu humwogopa. Kando ya mji wao upo msitu ambao ni mwiko kuingia. Zahrah na rafiki yake Dari wauingia kwa siri. Dari aumwa na nyoka, na dawa yake ni yai la mnyama mkali akaaye ndani ya msitu ule ule. Msichana aliyekuwa mwoga aenda peke yake kulitafuta.

Mtu atasema: Basi, kitabu hiki chafundisha kuvunja amri. Sivyo. Hakifichi kwamba mchezo ule wa siri ulileta msiba. Lakini chaonyesha pia kwamba watu waliuogopa msitu na kumwogopa msichana kwa sababu moja tu: hawakuujua msitu, wala hawakumjua msichana.

Hapa lipo swali gumu, kwa kuwa hofu nayo ina kazi yake. Katika pwani ya Kenya, misitu ya Kaya ya Wamijikenda ilisimama karne nyingi kwa heshima na hofu ya miiko ya wazee. Mwaka 2008 UNESCO ilitia baadhi yake katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini palipolegea miiko, shoka liliingia. Vivyo hivyo binti aliyelindwa kwa vitisho tu: siku aendapo mbali kusoma au kufanya kazi, vitisho hubaki nyumbani, naye huenda bila mlinzi.

Basi woga ukiondoka, hauna budi kuachia nafasi ujuzi na upendo. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba mamlaka hayo si ruhusa ya kuharibu. Mtoto aujuaye mti kwa jina na kwa faida yake hataukata ovyo. Binti ajuaye kwa nini jambo fulani ni baya ataliepuka hata pasipo mtu wa kumwona.

Enyi wazazi, msiwanyang'anye binti zenu kitabu cha namna hii. Kisomeni pamoja nao, kisha waulizeni: Zahrah alikosa wapi, na wapi alitenda vema? Binti awezaye kujibu amekwisha kupata mlinzi ndani ya dhamiri yake.