Mtoto wa Mlowezi

Apitaye Borabu, Nyamira, leo huona chai na ng'ombe wa maziwa. Si rahisi kukumbuka kwamba hadi miaka ya 1960 hapo palikuwa na mashamba ya Wazungu. Utoto wa mashamba ya namna hiyo umesimuliwa kwa mapenzi makubwa, kama alivyofanya mwandishi Elspeth Huxley mwaka 1959 alipoandika kuhusu utoto wake Thika. Mapenzi hayo ni ya kweli. Lakini utulivu wa mashamba hayo ulitanguliwa na bunduki: mwaka 1905 na 1908 majeshi ya Waingereza yaliwashambulia Abagusii, yaani Wakisii, yakachoma nyumba na kupora mifugo. Baadaye kibarua alining'iniza kipande, yaani hati ya utambulisho, shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na hadi miaka ya 1930 Mkisii alizuiwa kulima kahawa.

Atauliza mtu: mtoto wa mlowezi ana kosa gani? Hana, hakuchagua pa kulelewa. Ila kutokuwa na hatia si kutonufaika, na akikua akashika kalamu, ana wajibu wa kumsimulia pia aliyemtekea maji. Nasi tunaomiliki mashamba hayo leo tujiulize: watoto wetu wanamjua mchuma chai wetu kwa jina?