Mzaha Juu ya Kazi ya Mwenzio: Haki na Mipaka Yake

Miongoni mwa mambo yaliyozuka kwa kuenea kwa intaneti liko moja ambalo watu wazima wengi hulipuuza kwa kuliona kuwa ni mchezo wa watoto. Kijana apendaye filamu fulani ya katuni huichukua filamu hiyo, akaifuta sauti yake, akazikata picha zake na kuziunga upya, akatunga maneno ya kuchekesha, kisha akayatia maneno hayo vinywani mwa wale wale wahusika ambao hakuwaumba yeye. Akifanya hivyo mara moja, ni mzaha wa siku moja. Lakini wako waliofanya hivyo kwa miaka kumi na zaidi, sehemu baada ya sehemu, na watazamaji wao wakahesabiwa kwa mamilioni. Madhumuni ya makala haya ni kuuliza swali ambalo wanafunzi wetu watatuuliza, ikiwa bado hawajatuuliza: je, mtu ana haki gani ya kuifanyia mzaha kazi ya mwenziwe kwa kutumia kazi ile ile?

Tuanze na mifano iliyo wazi, maana hoja isiyo na mfano huelea. Mwaka 1996 mchoraji wa Kijapani Kazuki Takahashi alianza kuchapisha hadithi ya picha iitwayo Yu-Gi-Oh!, ihusuyo mashindano ya karata. Filamu za katuni zilizotokana nayo zilionyeshwa Japani kuanzia mwaka 2000 hadi 2004, na huko Marekani kampuni ya 4Kids Entertainment ikazitafsiri kwa ajili ya watoto. Katika tafsiri hiyo mambo mengi yalibadilishwa. Mathalan, pale ambapo walinzi walishika bastola, bastola zilifutwa, wakabaki wakiwaelekezea watu vidole vitupu. Mwezi Julai 2006 Mwingereza Martin Billany alianza kutoa mfululizo wake mwenyewe juu ya picha hizo hizo, akauita kwa Kiingereza jina lenye maana ya “uliofupishwa”. Sehemu iliyokuwa ya dakika ishirini na zaidi ikawa ya dakika chache tu, na karibu sauti zote alizitia yeye peke yake. Mwaka 2008 kikundi kiitwacho Team Four Star kilifuata njia hiyo kwa Dragon Ball Z, katuni iliyotokana na kazi ya Akira Toriyama. Kikundi hicho kiliendelea hadi 2018, na mwaka 2020 kikatangaza kwamba hakitaendelea tena.

Asije mtu akadhani kwamba kazi hii ni nyepesi. Kwanza, mwigaji hana budi kuitazama kazi asilia mara nyingi hata aijue kuliko wengi wa wapenzi wake. Pili, huchagua mapande ya picha yatakayobeba kisa kwa ufupi bila ya kukipoteza. Tatu, huandika mazungumzo yatakayolingana na midomo ya wahusika. Katika katuni nyingi za Kijapani mdomo hufunguka na kufumba tu, bila ya kuchora kila sauti, na kwa hiyo lugha yoyote yaweza kuingizwa. Lakini neno likizidi urefu wa mwendo wa mdomo, mtazamaji hulitambua kosa mara moja. Hapo mwandishi hulazimika kupima silabi kama mshairi apimavyo mizani. Nne, hutafuta sauti ya kila mhusika, akairekodi, akaitia muziki na vishindo. Mwalimu wa lugha atakiri kwamba hayo ni mazoezi ya ufupisho, ya mizani, ya rejesta na ya matamshi, yote kwa pamoja.

Wala jambo lenyewe si geni kabisa kwetu. Katika vibanda vya video vya Uganda, wasimulizi wanaoitwa “viijei” wamekuwa wakizifasiri filamu za kigeni kwa Kiluganda mbele ya watazamaji, wakichanganya tafsiri na utani wao wenyewe. Nchini Kenya DJ Afro amejipatia jina kwa kusimulia filamu kwa Kiswahili cha mitaani. Tena uko mfano wa namna ya pekee: filamu Who Killed Captain Alex?, iliyotolewa mwaka 2010 na Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, inajulikana duniani ikiwa na sauti ya msimulizi VJ Emmie, ambaye huwacheka wahusika tangu mwanzo hata mwisho. Hapo mzaha umo ndani ya kazi kwa ridhaa ya mwenye kazi. Ridhaa hiyo ndiyo inayokosekana katika mifano yetu miwili ya kwanza, na hapo ndipo mgogoro wa kimaadili unapoanza.

Wanaoulaumu mwigo wa namna hii wana hoja nzito, nasi tuzisikilize. Wanasema kwamba picha moja ya katuni ni jasho la watu wengi: wachoraji, wapaka rangi, wapiga picha, watunga muziki. Huyu anayekuja baadaye na kompyuta yake hukuta nyumba imekwisha kujengwa, akaingia, akaandika jina lake mlangoni. Wanasema pia kwamba dhihaka huharibu. Mtoto aliyeuona mwigo kabla ya kazi asilia hataweza tena kuuona uchungu wa mhusika bila ya kuangua kicheko. Na wahenga hawakukosea waliposema kwamba mzaha mzaha hutumba usaha. Hoja hizi zilikuwa na matokeo. Ukurasa wa Billany katika YouTube ulifungwa mara kadhaa kwa sababu ya hakimiliki, na kila mara ilimbidi aanze upya kuzipandisha kazi zake.

Wanaoutetea nao hawakosi la kusema. Kwao, dhihaka ya namna hii ni uhakiki. Zile bastola zilizofutwa na vidole vilivyobaki vikitisha watu, mhakiki angeweza kuziandikia kurasa kumi, na ni wachache ambao wangezisoma. Mwigaji alizifanyia kichekesho, na kila mtazamaji akatambua jinsi mfasiri anavyoweza kuifisha hadithi kwa kuwaogopea watoto. Zaidi ya hayo, wanasema, hakuna awezaye kukidhihaki vizuri kitu asichokipenda. Asiyekujua hakuthamini, na vilevile hawezi kukuigiza. Team Four Star walikuwa wakitangaza mwanzoni mwa sehemu zao kwamba kazi yao ni mzaha wa mashabiki usio wa faida, wakawataja wenye mali, wakawahimiza watazamaji kuiunga mkono kazi halali. Mwizi haandiki jina la mwenye nyumba mlangoni.

Tukizigeukia sheria, tutaona kwamba zimejibu nusu tu ya swali. Huko Ufaransa sheria ya mwaka 1957 ilikwisha kuukubali mwigo wa kuchekesha, mradi ufuate taratibu za fani hiyo. Marekani, katika kesi ya Campbell na Acuff-Rose iliyoamuliwa mwaka 1994, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema kwamba mwigo wa dhihaka waweza kuwa matumizi halali hata kama unauzwa. Mahakama ikaweka tofauti moja ambayo sisi walimu wa fasihi tunapaswa kuikumbuka: anayeidhihaki kazi yenyewe ana sababu ya kuikopa, kwa kuwa hawezi kuisema bila ya kuionyesha, bali anayeikopa kazi ili awadhihaki watu wengine inampasa aeleze kwa nini hakutunga yake. Uingereza nayo iliingiza ruhusa ya mwigo katika sheria zake mwaka 2014. Lakini sheria husema lipi haliadhibiwi. Haisemi lipi ni jema.

Kesi iliyoligusa jambo hili kwa undani ni ile ya Ubelgiji, nayo pia inahusu katuni. Mwezi Januari 2011, katika sherehe za mwaka mpya mjini Ghent, mwanasiasa wa chama cha Vlaams Belang, Johan Deckmyn, aligawa kalenda yenye picha iliyoigwa kutoka jalada la mwaka 1961 la katuni mashuhuri ya Willy Vandersteen. Katika picha asilia mtu wa hisani anawarushia watu fedha, nao wanaziokota. Katika mwigo, mtoa fedha amekuwa meya wa mji, na waokotaji wamekuwa wanawake wenye ushungi na watu wasio weupe. Warithi wa Vandersteen walishtaki. Mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika hukumu yake ya tarehe 3 Septemba 2014, ilieleza kwamba mwigo ni kazi inayoikumbusha kazi nyingine huku ikitofautiana nayo waziwazi, na yenye kichekesho au dhihaka. Haikutaka sharti jingine la uasilia. Hata hivyo iliongeza kwamba, ikiwa mwigo unabeba ujumbe wa ubaguzi, wenye kazi asilia wana haki ya kutaka kazi yao isihusishwe na ujumbe huo.

Tuiweke kalenda ya Ghent kando ya vidole vya walinzi wa Yu-Gi-Oh!. Mbinu ni moja: picha ya mwenzio, maneno au sura mpya, kicheko. Lakini katika mfano mmoja kicheko kinamrudia aliye na nguvu, yaani kampuni iliyoikata hadithi ya watu. Katika mfano wa pili mchoraji aliyekwisha kufa anafanywa aseme chuki ambayo hakuisema, na wanaochekwa ni watu ambao hawakuwamo kabisa katika kazi ile. Hapa twaona kwamba kukopa si shina la ubaya. Shina ni kumfanya mhusika wa mtu awe fimbo ya kumpigia mnyonge.

Yamkini msomaji atasema kwamba hukumu za Ulaya na Marekani ziko mbali nasi. Nami nitamjibu kwamba sisi tunayo mizani yetu wenyewe, nayo ni utani. Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki mtani ana ruhusa ambayo mtu mwingine hana. Humcheka mtani wake mbele za watu, humnyang'anya kitu chake, na hata msibani huigiza sauti na mwendo wa marehemu huku wafiwa wakilia. Mgeni akiona hayo atadhani ni ufedhuli. Lakini mtani huyo huyo ndiye, katika jamii kadhaa, anayeshika kazi za mazishi ambazo wengine huona uzito kuzishika. Ruhusa yake ya kucheka imefungwa na wajibu wa kutumika. Tena mtani hukubali kutaniwa. Hawezi kupiga asipigwe. Hata mashabiki wa Simba na Yanga, wanapoitwa watani wa jadi, huthibitisha kwamba dhihaka na ujamaa vyaweza kukaa nyumba moja.

Pana pingamizi hapa, nalo ni la haki. Utani hurithiwa au hukubaliwa. Takahashi na Toriyama, ambao sasa ni marehemu wote wawili, hawakuweka utani na vijana wa nchi za mbali. Ni kweli. Lakini mtunzi anapoitoa kazi yake hadharani, wasomaji na watazamaji huipa miaka ya maisha yao. Huijadili, huikariri, hulelewa nayo. Uhusiano huo hauwapi umiliki, ila hauwezi kuwa si kitu. Wenye kazi wakipewa uwezo wa kuchagua nani awacheke, atachaguliwa msifu tu, na uhakiki utakufa. Kwa upande mwingine, mwigaji ni mtani aliyejialika mwenyewe, na kwa sababu hiyo mzigo wake ni mzito kuliko wa yule aliyealikwa.

Kwa maoni yangu mzigo huo una sehemu nne. Aijue kazi anayoidhihaki, asicheke kwa kusikia. Amtaje mwenye kazi, wala asiizuie riziki yake. Na sharti hili lina uzito zaidi siku hizi ambapo waigaji wengi hupokea michango ya watazamaji. Kicheko chake kielekee kwenye kazi yenyewe au kwa wenye nguvu walioiharibu, kisiwe njia ya kuwafikia wanyonge waliokaa kando. Na mwisho, akubali naye kuigwa. Anayekasirika kazi yake ya mzaha inapochukuliwa na kufanyiwa mzaha amejihukumu mwenyewe.

Ama kuhusu madarasa yetu, nadhani si busara kuwakataza wanafunzi mchezo huu, maana simu wanazo na mchezo wataucheza. Ni afadhali tuwape kipande kifupi cha katuni isiyo na sauti, tuwaambie watie mazungumzo ya Kiswahili sanifu yanayolingana na midomo, kisha mwenzao mmoja asimame kuwa wakili wa mtunzi asilia na kuuliza: umeijua kazi hii? Umenitaja? Unamcheka nani? Darasa litakalojibu maswali hayo kwa uaminifu litakuwa limejifunza lugha na adabu kwa wakati mmoja. Wenzangu walimu wenye rai tofauti nawaomba wasinyamaze, bali waiandikie jarida letu ili tuendelee kunoana.