WATOTO WETU WANATUONA TUKITOA?

Neno la msingi: 1 Wafalme 17:8-16, 2 Timotheo 1:5



Wazazi wengi kati yetu tuna huzuni moja ambayo hatuisemi kanisani. Watoto wetu waliozaliwa ukimbizini wamezoea kutuona tumepanga mstari, kadi mkononi, tukingoja mgao wa chakula na sabuni. Mtoto anayeona mkono wa baba yake ukipokea tu, atajifunza wapi kutoa?

Tumtazame mtu ambaye sisi tuliotoka Kivu ya Kusini tunamfahamu. Daktari Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste, na Denis alizoea kufuatana naye kuwatembelea wagonjwa. Siku moja baba alimwombea mtoto aliyekuwa mgonjwa sana, kisha wakaondoka. Denis akauliza: mimi nikiugua unaniombea na ninapewa dawa pia, mbona huyu hukumpa dawa? Baba akamweleza kwamba yeye si mganga, kazi yake ni kuomba. Mtoto akaamua moyoni kuwa mganga, ili baba aombe na yeye atoe dawa.

Masomo ya udaktari aliyafanya hapa hapa Bujumbura, katika Chuo Kikuu cha Burundi, akamaliza mwaka 1983. Akafanya kazi katika hospitali ya Lemera, kwenye milima ya Uvira. Huko aliona akina mama wakifa kwa uzazi, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza kuwatibu. Angeweza kubaki Ulaya, lakini mwaka 1989 akarudi Lemera. Oktoba 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha Hospitali ya Panzi, Bukavu, ambako makumi ya maelfu ya wanawake waliobakwa wametibiwa. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Ndugu zangu, tujifunze mambo matatu.

1. Baba alikwenda na mtoto. Huruma ile Denis aliiona kwa macho yake, kitandani pa mgonjwa. Sisi tukienda kumtazama mgonjwa, mara nyingi tunawaambia watoto wabaki nyumbani wacheze. Tuwachukue. Kama ni chumvi au maji tunapeleka, mtoto ndiye abebe.

2. Baba hakukasirishwa na swali. Alitoa alichokuwa nacho, yaani maombi, akakubali kwamba kuna jambo asiloliweza. Pale alipoishia baba ndipo mwana alipoanzia. Kwa hiyo mzazi asiogope kwamba hakusoma au hana kitu. Kidogo tunachokitoa kwa moyo safi, Mungu anaweza kukiendeleza kwa mikono ya watoto wetu.

3. Mfano unaweza kutoka nje ya wazazi. Paulo anapotaja imani ya Timotheo, anaanza na bibi yake, Loisi, ndipo anamtaja mama yake, Eunike. Wako watoto kati yetu ambao wazazi wao waliuawa au walipotea njiani. Hao wanamtazama nyanya, mwalimu wa shule ya Jumapili, au jirani. Kila mtu mzima wa kanisa hili ana mtoto anayemtazama, hata kama hamjui.

Turudi Sarepta. Eliya alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake, na mfalme Ahabu alikuwa akimtafuta. Kwa lugha yetu, alikuwa mkimbizi. Mjane alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, na mwanawe alikuwamo nyumbani. Mtoto yule aliona mkate ukipelekwa kwa mgeni, tena aliona unga hauishi, na wote wakala. Hatusemi mtoto alale njaa ili jirani ashibe. Tunasema kwamba hata nyumba yenye unga kidogo inaweza kuwa shule ya kutoa.

Wapendwa, mwezi wa pili mwaka 2025, Bukavu ilipotekwa, maelfu ya ndugu zetu walivuka mto Rusizi kuingia Burundi. Sisi tuliotangulia tunajua usiku wa kwanza ukimbizini ulivyo: hujui maji yako wapi, wala nani wa kumwuliza. Kumwonyesha mgeni njia ni sadaka. Kumkopesha sufuria ni sadaka. Kukaa na mama anayelia ni sadaka. Wiki hii kila nyumba ichague jamaa moja iwatembelee, na watoto waende pia. Na wakiuliza maswali njiani, tuwajibu.

Bwana abariki mikono yenu na macho ya watoto wenu. Amina.