Herufi Tano za Baba



Mwezi wa Rajabu uliopita nilipata barua pepe ya mistari minne kutoka kwa dalali nisiyemjua. Aliuliza kama niko tayari kuuza domeni yetu, yaani lile jina linaloandikwa ili kufungua tovuti, kwa dola 3,600. Nilikuwa bwenini, mwisho wa mwezi, na mfukoni sikuwa hata na nauli ya kurudi nyumbani Buyenzi siku ya Ijumaa. Niliisoma mara tatu. Kisha nikazima simu, nikaenda kutawadha, na nakiri kwamba katika swala ile ya Alasiri sijui niliswali rakaa ngapi.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Lina herufi tano tu. Marehemu Baba alikuwa fundi wa magari na muuzaji wa spea, na mwaka 2009 mpwa wake aliyekuwa akisoma ng'ambo alimshawishi kwamba biashara bila tovuti haitafika mbali. Baba akachukua herufi ya kwanza ya jina la kila mtoto wake, akazipanga kwa kufuata umri, na kwa bahati zikatamkika vizuri. Zikaandikwa kwa rangi ya buluu juu ya geti la gereji, na kule mtandaoni zikasajiliwa zikiwa na .com mwishoni. Herufi ya tatu ni ya mdogo wangu aliyefariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Hakuacha picha. Baba alipofariki mwaka 2021 gereji iliuzwa, na aliyeinunua alipaka geti rangi nyingine wiki ileile. Tangu hapo herufi zile hazikuwa pamoja popote ila kwenye ile tovuti, ambayo haikuwa na kitu zaidi ya picha ya kompresa na namba ya simu iliyokwisha kufungwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiilipia, kama dola 15 kwa mwaka.

Ukiniuliza kwa nini nililipa, jibu nililokuwa nalo ni moja: namkumbuka Baba. Rafiki yangu mmoja wa hapa chuoni, ambaye hana huruma katika mjadala, aliniambia: "Nyinyi ndio mnaokataza watu kujengea makaburi, kumbe wewe umejenga lako kwa malipo ya mwaka." Nilikasirika. Ila sikuwa na jibu.

Swali lake la pili lilikuwa rahisi zaidi: hicho unachotaka kuuza ni kitu gani hasa? Hakina mwili, hakishikiki. Tena si chako moja kwa moja, kwa sababu domeni hainunuliwi ikawa milki ya milele. Unachopata ni haki ya kuitumia kwa muda, na kwa .com huwezi kulipia zaidi ya miaka kumi kwa mpigo. Ukiacha kulipa, baada ya siku za kusubiriwa, yeyote anaweza kuichukua. Hata majina ya nchi hufa huko. Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, majina yaliyoishia na .zr yalibadilishwa kidogokidogo kuwa .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Kama nchi nzima haikuweza kulishika jina lake, gereji ya Buyenzi ni nani?

Kifiqhi, hata hivyo, hapo hapana tatizo kubwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikubali kwamba jina la biashara, alama ya biashara na haki za mtunzi ni haki zenye thamani ya mali, na kwamba zinaweza kuhamishwa kwa malipo maadamu hakuna udanganyifu wala gharari. Domeni hazikutajwa mwaka ule, lakini sioni tofauti inayobadilisha hukumu. Kwa hiyo kuuza kunajuzu. Kilichobaki ni moyo, na moyo haukutaka.

Nikaenda kwa sheikh wetu wa mtaani nikiwa nimejiandaa. Nilitegemea atanipa kisa cha Abu Talha (R.A.), kwa sababu nilikijua tangu madrasa. Alikuwa na bustani ya mitende iliyoitwa Bayruha, mbele ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), na Mtume mwenyewe alikuwa akiingia humo na kunywa maji yake. Iliposhuka ile aya ya Aali Imran inayosema kwamba wema haufikiwi mpaka mtu atoe katika anavyovipenda, Abu Talha akaitoa Bayruha. Mtume akamshauri aigawe kwa jamaa zake. Mafunzo mengi huishia hapo, na mimi pia nilikuwa nikiishia hapo.

Sheikh alinimalizia. Mmoja wa jamaa waliopata fungu ni Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume. Miaka ilipopita aliliuza fungu lake kwa Muawiya. Watu walishangaa: unauza sadaka ya Abu Talha? Hassan akawajibu kama mfanyabiashara yeyote aliyepewa bei nzuri. Imo katika Sahihi ya Bukhari. Bustani aliyokunywa Mtume maji yake, iliyotolewa kwa sababu ya aya, sehemu yake ikauzwa, na jumba likajengwa mahali pale.

"Sasa linganisha na Umar," akaniambia. Umar (R.A.) alipata ardhi Khaybar, na hajawahi kuwa na mali aliyoithamini kuliko hiyo. Ushauri wa Mtume kwake ulikuwa mwingine: aizuie asili yake na kutoa matunda yake sadaka. Ile haikuuzwa, haikurithiwa, haikutolewa hiba. Ikawa wakfu. Wote wawili waliipenda mali yao. Kilichotofautisha ni walichokifanya walipokuwa hai. "Baba yako aliwekea wakfu jina lile?" Nikasema hapana. "Basi aliliacha kama alivyoacha spana zake. Mapenzi yako hayawezi kuligeuza kuwa wakfu baada yake."

Halafu akauliza swali lililonitoa jasho. "Siku ile tulipogawa mirathi, jina hili lilihesabiwa?"

Halikuhesabiwa. Tulihesabu kompresa, jeki, pikipiki, kiwanja, hata mabati yaliyokuwa uani. Hakuna aliyefikiri kwamba herufi tano ni mali. Mimi nikabadilisha usajili ukawa kwa jina langu ili niweze kulipia, basi. Kwa karatasi za kampuni ya usajili mwenyewe nilikuwa mimi. Ningeweza kuuza usiku uleule, na si Mama, si ndugu zangu ambaye angejua mpaka Kiyama. Sisemi kwamba wazo hilo halikunipitia.

Babu na bibi walimtangulia Baba, kwa hiyo hesabu si ngumu: Mama thumuni, kinachobaki kinagawiwa watoto wanne tulio hai, wa kiume mara mbili ya wa kike. Kwa dola 3,600 Mama anapata 450, mimi na mdogo wangu 1,050 kila mmoja, dada zangu 525 kila mmoja. Yule mwenye herufi ya tatu, ambaye kwa ajili yake ndiyo hasa nililishikilia jina, hana fungu lolote. Na mdogo wetu wa mwisho bado yuko sekondari, hajabaleghe baba yake alipofariki, na mara mbili alirudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali. Miaka yote hiyo nilijiona mtoto mwema anayelinda kumbukumbu. Kumbe nilikuwa nimekalia mali ya yatima, na dola zangu 15 ndizo nilizozifanya hati ya umiliki.

Sheikh hakuniamuru kuuza. Alinionyesha mlango: mrithi anayependa kitu kimoja anaweza kubaki nacho akiwaridhisha wenzake kwa thamani ya mafungu yao. Nilipiga hesabu. Ili jina libaki kwangu ningewadai kunisubiri kwa dola 2,550. Hapo ndipo nilipojua kwamba mapenzi yangu yalikuwa ya dola kumi na tano kwa mwaka, hayakuwahi kupimwa zaidi ya hapo.

Kabla ya kuwaita ndugu zangu kulikuwa na kazi moja, na ndugu msomaji, kama una domeni ya zamani naomba usiipuuze. Anayeichukua domeni anazichukua pia barua zake. Kila anwani ya barua pepe inayoishia na jina lile, mmiliki mpya anaweza kuifufua na kupokea kila kinachotumwa humo: siri za wateja, hata viungo vya kubadilishia manenosiri ya akaunti za zamani. Ile ni amana ya watu, haiuzwi pamoja na jina. Ilinibidi kufungua sanduku la barua la Baba, ambalo sikuwahi kulifungua tangu tumzike. Nilikuwa nikililipia bila kuligusa.

Nyingi zilikuwa matangazo. Katikati yake palikuwa na barua tatu za mfanyabiashara wa spea wa Kariakoo, Dar es Salaam. Alimtumia Baba giaboksi mbili kwa mkopo mwishoni mwa 2020. Zilibaki dola 720. Barua ya mwisho ilikuwa ya 2022, ya upole sana: alisema simu haipatikani, anatumaini mzee ni mzima.

Sote tunaijua hadithi ya kwamba nafsi ya muumini hubaki imefungwa na deni lake mpaka lilipwe. Tunajua pia kwamba Qurani imetanguliza wasia na deni kabla ya fungu la mrithi yeyote. Tuligawa mirathi na deni likiwa ndani ya sanduku ambalo mimi peke yangu nilikuwa na ufunguo wake, na sikulifungua kwa sababu, eti, ningelia.

Tulikutana kwa Mama Jumapili. Dada yetu mkubwa, aliyeolewa Uvira, alisikiliza kwa simu. Alisema tuchange tulipe deni, jina libaki. Na kwamba herufi ya kwanza ni yake, hakuna aliyemuuliza. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Mdogo wangu wa kiume alitaka tuuze siku ileile. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu nilimzika mimi kwa mikono ya baba yenu. Huko kwenye mtandao hayupo. Lipeni deni la mtu." Dada alikubali, ila alisema wazi kwamba amekubali kwa ajili ya deni, si kwa ajili yangu.

Tuliweka sharti moja: dalali aseme mteja wake ni nani. Makampuni ya kubashiri mechi hupenda majina mafupi, na mwenye kujua kwamba mnunuzi wa zabibu anakwenda kuzigema pombe hana udhuru. Ilichukua wiki mbili. Ni kampuni ya programu za hesabu za maduka, herufi zetu ni kifupisho cha jina lake. Fedha zikashikwa na mtu wa tatu mpaka jina lilipohama.

Dola 720 zilikwenda Kariakoo kwanza. Zilizobaki 2,880 zikagawiwa: Mama 360, sisi wa kiume 840, dada zetu 420. Minervali ya mdogo wetu imelipwa mpaka mwisho wa mwaka. Dada wa Uvira akinipigia simu sasa ananiita "mfanyabiashara", na hacheki anaposema.

Yule wa Kariakoo alipopata fedha zake aliandika kwamba anatupa pole, na kuuliza kama bado tunaagiza giaboksi. Nimemjibu kwamba gereji ilifungwa.