Kamari na Urafiki

Katika jimbo la Nevada, Marekani, umo mji wa Las Vegas, ulioanzishwa jangwani mwaka 1905 kando ya njia ya reli. Mwaka 1931 jimbo hilo lilihalalisha kamari, na mji ukapata sifa duniani. Siku za mapumziko marafiki huenda huko wanne au watano pamoja, wakagawana gharama za chumba, wakatazama maonyesho, kisha wakaingia katika majumba ya kamari. Swali letu ni hili: mtu achezaye kwa hiari yake, kwa fedha yake, mahali ambapo sheria yamruhusu, je, ana kosa?

Wako wasemao kuwa hana. Kwao fedha ya mchezo ni kama nauli ya mashua ya matembezi: mtu hulipa, hufurahi, hurudi kwake. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwani furaha si dhambi. Lakini abiria huijua nauli yake kabla ya kupanda; mcheza kamari hajui yake mpaka ashuke.

Na tuitazame hesabu. Gurudumu la kamari la namna ya Kimarekani lina vijumba 38: vyekundu 18, vyeusi 18, na vya kijani 2. Awekaye fedha juu ya rangi nyekundu akishinda hupata faida iliyo sawa na fedha aliyoweka, kana kwamba kushinda na kushindwa ni sawa. Kumbe nafasi za kushinda ni 18, na za kushindwa ni 20. Tofauti hiyo ndogo ndiyo chumo la mwenye jumba. Wageni hubahatisha, yeye hupiga hesabu.

Akili nayo humsaliti mchezaji. Mwaka 1913, katika jumba la kamari la Monte Carlo, Monaco, rangi nyeusi ilitokea mara 26 mfululizo. Watu walipoteza fedha nyingi wakiamini kwamba zamu ya nyekundu imefika. Gurudumu halina kumbukumbu, wala halina huruma. Aliyepoteza halimdai wala halimwii fidia.

Basi kosa haliko katika fedha kidogo iliyotengwa kwa ajili ya burudani. Kosa huanza pale mtu anapocheza ili kukomboa alichopoteza, akagusa kodi ya nyumba na chakula cha watoto. Fedha hiyo si yake peke yake, na hiari yake imekwisha kuwa utumwa. Yeye mwenyewe huwa wa mwisho kuliona jambo hilo; wa kwanza ni wenzake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na katika saa hiyo amfaaye si yule amkopeshaye, bali yule amshikaye mkono akasema, "Twende zetu."

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Leo kijana wa Kenya huweka fedha juu ya matokeo ya mpira kwa simu yake, usiku, peke yake. Msafiri wa Las Vegas ana siku ya kurudi nyumbani na ana wenzake wa kumwonya. Kijana huyu hana safari ya kumaliza, na hakuna amwonaye. Ni nani atakayemwambia, "Twende zetu," ikiwa sisi rafiki zake hatumwulizi habari zake?