Uji wa Mlevi na Uji wa Mchovu

Liko swali ambalo wainjilisti wa mitaa hupenda kutuuliza, hasa katika miezi ya mavuno, wakati ghala zimejaa na vyungu vya pombe havikauki katika vijiji vyetu vya Ufipa. Lasema hivi: Mtu amekunywa pombe usiku kucha. Asubuhi amelala kitandani, kichwa chamgonga, tumbo lamchafuka, mikono yatetemeka. Je, yafaa mkewe ampikie uji, au amwache ayale matunda ya kazi yake?

Wako wanaojibu upesi: Amwache. Husema kwamba maumivu ni mwalimu, na atakayemwondolea mlevi maumivu amemwondolea mwalimu wake. Neno hili lina sura ya hekima, walakini tukilitazama kwa karibu halisimami. Kama maumivu ya asubuhi yangefundisha, mlevi wa miaka 20 angekuwa na akili kupita wazee wote wa kijiji, kwa kuwa amehudhuria shule hiyo kila siku. Twaona kinyume chake. Maumivu humfundisha jambo moja tu, yaani kutafuta kitu cha kuyanyamazisha, na kilicho karibu naye ni pombe ile ile.

Wengine husema: Ampikie, maana ni mumewe, wala asiulize neno. Jibu hili nalo twalitilia shaka, si kwa sababu ya uji, bali kwa sababu ya unga. Tutalirudia baadaye.

Kwanza yatupasa tujue pombe hufanya nini mwilini, maana watu wengi huhukumu jambo wasilolijua. Pombe ikiisha kuingia katika damu, kazi ya kuiondoa ni ya ini, nalo ini hufanya kazi kwa mwendo wake, wala halikubali kuharakishwa. Chupa moja kubwa ya bia huweza kulichukua saa 2 hata 3. Anywaye 6 jioni, hata jua likichomoza bado ini lake lina kazi. Tena pombe huzuia agizo ambalo ubongo hulipeleka kwa mafigo ili yatunze maji. Basi mafigo huyaachia, mtu akatoka nje mara kwa mara usiku, na asubuhi ulimi wake ni mkavu kama jani la tumbaku. Usingizi wake pia si usingizi wa kweli. Hulala upesi kama jiwe, kisha huamka-amka kabla ya mapambazuko. Na kama alikunywa bila kula, sukari ya damu yake hupungua, maana ini lililoshughulika na pombe haliwezi kuitengeneza vema. Ndiyo sababu ya kutetemeka na kutoka jasho.

Mtu akiyajua haya, aweza kuzipima dawa ambazo watu husifiana. Iliyo mbaya kuliko zote ni ile iitwayo kuzimua, yaani kunywa pombe asubuhi ili kuondoa uchovu wa pombe ya jana. Ni kweli kwamba mtu huona nafuu kidogo, lakini nafuu hiyo ni deni. Amesogeza mbele saa ya kulipa, na riba imeongezeka. Wengi walioanza kwa kuzimua siku ya Jumapili wameishia kutoweza kusimama siku yo yote bila kikombe.

Wako wasifuo kahawa nyeusi. Kahawa humfumbua mtu macho, lakini haiondoi pombe hata tone moja. Twapata mlevi aliye macho badala ya mlevi asinziaye. Wengine hununua sokoni chupa za dawa za majani zisemwazo kwamba husafisha ini na kutoa sumu zote. Twawaambia ndugu zetu wazitunze fedha zao. Mungu ameweka ini na figo kuwa wasafishaji, na wasafishaji hawa hawaombi dawa ya chupa. Waomba tu wasizidishiwe mzigo. Supu ya kongoro, ambayo watu wa mjini Sumbawanga huitafuta asubuhi na mapema, si dawa ya pombe, lakini hatuilaumu: ina maji, ina chumvi, nayo humpa mtu kitu cha moto tumboni wakati wa baridi yetu ya mwezi wa Juni. Nafuu yake yatoka hapo.

Tena wenye kuumwa kichwa wajihadhari na vidonge. Paracetamoli hupita katika ini lile lile lililochoka, na mtu aliyekunywa sana akizidisha vidonge hivyo aweza kuliharibu. Aspirini nayo hulichoma tumbo ambalo pombe imekwisha kulichubua.

Basi kilicho chema ni kipi? Ni vitu vyepesi ambavyo hakuna mtu asiyekuwa navyo. Kwanza maji, kidogo kidogo, si kwa kugugumia. Kama ametapika au kuhara, na yachanganywe: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vidogo vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Pili, uji. Uji wa ulezi una wanga wa kurudisha sukari ya damu, nao ni laini kwa tumbo. Ulezi wetu una chokaa ya mifupa kupita mahindi na ngano, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100. Tena haukobolewi kama sembe, kwa hiyo hubakiwa na vitamini B1, ambayo walevi wa siku nyingi hupungukiwa nayo hata miguu na akili zao zikadhoofika. Ndizi au chungwa huongeza faida. Tangawizi katika chai hutuliza kichefuchefu. Baada ya hayo ni usingizi, nao haununuliwi.

Aliyekula kupita kiasi katika arusi, asiyekunywa hata tone, shauri lake ni fupi: asilale mara, atembee kidogo, na mlo ufuatao uwe mwepesi.

Hapa twaongeza onyo moja, maana uji una mpaka wake. Mtu aliyekunywa gongo, au pombe asiyoijua ilikotoka, kisha akaona ukungu machoni, au akapumua kwa shida, au akalala usingizi usioamshika, asipikiwe uji wala asiachwe alale. Apelekwe hospitali saa ile ile. Pombe ya namna hii huweza kuwa na methanoli, ambayo huua na kupofusha. Mwezi wa Mei mwaka 2014 katika nchi ya Kenya watu zaidi ya 80 walikufa kwa siku chache kwa pombe iliyotiwa sumu hiyo. Hali kadhalika, mlevi wa kila siku aachaye ghafula, kisha akaanza kuweweseka au kupatwa na kifafa siku ya pili au ya tatu, ni mgonjwa wa hospitali. Asidhaniwe kuwa amerogwa.

Sasa turudi kwa swali letu, tuangalie pia alivyotendewa aliyechoka bila kulewa. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme twasoma habari za Eliya, aliyekimbia jangwani akaketi chini ya mretemu akitamani kufa. Malaika hakumhutubia. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Kisha akaamshwa ale mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye sana, kule Horebu. Na katika kitabu cha kwanza cha Samweli, watu wa Daudi walimwokota mtumwa Mmisri kondeni, ambaye hakuwa amekula siku 3. Walimpa mkate na maji na tini na zabibu, roho yake ikamrudia, ndipo Daudi akamwuliza yeye ni wa nani. Angeulizwa kwanza, labda asingepata hata zabibu moja, maana alikuwa mtu wa Waamaleki, walioteketeza Siklagi.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la kwanza ni hili: apewe uji. Mwili uliopungukiwa maji na sukari hauna masikio. Atakayemkemea mlevi saa 1 ya asubuhi anapoteza maneno yake. Amlishe, na saa 10 alasiri, akili ikiisha kumrudia, amwambie yote anayotaka kumwambia. Uji haumrudishi mtu katika pombe. Kinachomrudisha ni kuzimua, na rafiki wa kuzimua naye.

Lakini je, uji huo wapikwa na nani, tena kwa unga gani? Hapa ndipo swali linapokuwa gumu, wala hatupendi kulipita kwa miguu myepesi kama wengine wafanyavyo.

Katika nyumba ile ile yuko mtu wa pili aliyechoka. Upande wa Msanzi na Matai, kama kwingi Ufipa, apikaye pombe ni mwanamke. Huloweka ulezi, huuotesha, huuanika, huusaga uwe kimea; huchota maji, hutafuta kuni, hupika, hungoja. Ni kazi ya siku nyingi, na mara nyingi huifanya apate fedha za daftari na sare za watoto. Mumewe hunywa kwa jirani. Mume wa jirani hunywa kwake. Usiku ule mume alipokuwa kilabuni akinywa komoni au kimpumu, mke alikuwa macho akingoja mlango ugongwe. Asubuhi wote wawili wana macho mekundu, lakini mmoja tu ndiye aitwaye mgonjwa. Yule mwingine apaswa kuwasha moto.

Twauliza: ni nani ampikiaye huyu uji? Dalili za uchovu wake twazijua: kichwa kizito, hasira za upesi, moyo kwenda mbio, kutolala hata akipata nafasi. Mara nyingi hunywa chai kali yenye sukari nyingi mara tatu kwa siku bila chakula, ili apate nguvu za kuendelea. Chai na kahawa zinywewazo jioni hubaki mwilini saa nyingi na kuuiba usingizi ule ambao ndio dawa yake. Yeye naye ahitaji uji, na maharage, na dagaa au mgebuka kutoka ziwa la Tanganyika inapopatikana, na mchana mmoja wa kulala bila kuitwa.

Tena unga. Ulezi ulio katika ghala ni mmoja. Debe liliokwenda kwenye kimea halirudi kuwa uji wa mtoto mwezi wa Januari. Togwa na pombe ni watoto wa kimea kimoja. Togwa ya siku ya kwanza ni tamu, yafaa mtoto na mgonjwa, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 katika Tanzania ulionyesha kwamba vijidudu vya kuhara hupungua katika matumbo ya watoto wapewao togwa. Iache siku kadhaa, nayo yageuka kuwa kitu kingine. Basi mume aliyekunywa ulezi jana, na leo akapikiwa ulezi wa kumponya, amekula mara mbili katika ghala ambalo wengine hawajala hata mara moja. Huruma aliyotendewa imelipwa na watoto, nao hawakuulizwa. Hii ndiyo sehemu ya jibu la pili tusiyoikubali. Apewe uji, naam, lakini kwa fungu lake, si kwa fungu la mtoto. Na akipata nguvu arudishe kwa jembe lake.

Labda mtu atasema: Mbona Martin Luther aliisifu pombe kuwa dawa ya huzuni? Ni kweli kwamba mkewe, Katharina, alipika bia nyumbani kwao Wittenberg. Tena mwaka 1530 Luther alimwandikia barua Hieronymus Weller, kijana aliyewafundisha watoto wake, ambaye moyo wake ulikuwa umelemewa; alimshauri asikae peke yake, atafute wenzake, acheze na kutania, hata anywe zaidi kidogo. Tumesikia neno hili likinukuliwa kwa furaha nyingi katika vilabu, na wasomi wa namna hii hatuwakosi. Lakini msomaji mwangalifu ataona kwamba dawa iliyokuwa ndani ya shauri lile ni wenzake. Weller aliambiwa atoke upwekeni. Mlevi wetu atoka upwekeni akamwacha mkewe ndani yake.

Kwa wainjilisti waliotuuliza, twaongeza shauri la kazi. Mfikapo nyumba ya namna hii asubuhi, msiende moja kwa moja kitandani kwa mgonjwa. Mwamkieni mama, mwulizeni amekula nini tangu jana, na kama hajala, ketini mpaka ale. Jirani au mwana mkubwa akoroge uji. Wakati wa mavuno wasaidieni watu kupima ulezi wa uji mbele, debe kwa debe, kabla ya kutoa wa kimea, kwa kuwa ulezi hukaa miaka bila kuliwa na wadudu, wala hakuna sababu ya kuumaliza kwa mwezi mmoja. Na mume akikataa uji, akidai fedha za kuzimua, asipewe. Wala msigombane naye. Mpeni maji, na uji wake ufunikwe karibu na mafiga mpaka atakapoutaka.