Kazi Zilizojifuta

Mwalimu mmoja wa chekechea huko Kabatini, eneo la Bahati, alijisajili kusomea diploma akiendelea kufundisha. Chuo chake hakikuwa na tovuti ya masomo. Kila kitu kilipitia kikundi cha WhatsApp. Halikumshangaza hilo. Tangu korona ifunge shule Machi 2020, wazazi na walimu wengi walikuwa wamezoea kutumiana maswali na masahihisho humo, na bando lilikuwa nafuu kuliko nauli ya kwenda Nakuru mjini.

Jioni, akishakama ng'ombe, aliandika kazi kwa mkono, akazipiga picha juu ya meza na kuzituma kikundini. Mhadhiri alijibu kwa kidole gumba, naye akahesabu kazi imeingia. Imeingia wapi? Hakuna daftari la chuo lililoandika.

Dalili zilikuwepo. Oktoba 4, 2021, WhatsApp ilizimika dunia nzima kwa saa sita hivi, kuanzia jioni ya huku kwetu, na darasa zima likanyamaza. Asubuhi yake wakaendelea kama kawaida.

Kikundi chenyewe kilijaa heri za kuzaliwa na michango ya mazishi. Admini, ambaye simu yake ilikuwa imeshiba picha za watu, akawasha ule mpangilio wa ujumbe kujifuta wenyewe baada ya siku 7. Simlaumu sana. Ilani ilitokea, ikafunikwa na tangazo la mchango.

Muhula ulipokwisha, mhadhiri alikuwa ameshahamia kwingine. Aliyempokea aliingizwa kikundini na, kama ilivyokuwa kwa walioingia wamechelewa, hakuona ya nyuma.

"Mwalimu, sina kazi yako hata moja."

"Nilituma zote, mwalimu."

"Lini?"

Karatasi alikuwa nazo zote, na wino wake. Alichokosa ni tarehe. Akarudia muhula, akalipa karo upya.

Mwenzake, kijana wa Dundori, alipita, wala hakumzidi akili. Kazi zilezile alizituma pia kwa barua pepe ya idara, si ya mhadhiri, na kila mwezi alimsumbua karani amwonyeshe alama zilizoingizwa. Kikundini walikuwa wakimcheka kuwa ana ushamba wa kuogopa simu.

Mwalimu wa Kabatini bado yumo kikundini. Huuliza maswali humo, na akipika husikiliza sauti za mhadhiri. Kazi zenyewe huzipeleka idarani, na karani asipojibu kwa siku mbili, humpigia.